Dawa za huzuni: Moyo wa mzee upimwe kwanza

Nyanya ameamka saa tisa usiku kwenda msalani. Anainuka kitandani, anapiga hatua mbili, kisha kishindo kinasikika nyumba nzima. Asubuhi picha ya eksirei inaonyesha mfupa wa nyonga umevunjika, na jamaa wote wanakubaliana kuwa ni uzee. Ni nadra kumpata mmoja wao akiuliza nyanya humeza dawa gani kabla ya kulala.

Lau wangeuliza, huenda wangeonyeshwa tembe ndogo ambayo mwenyewe huiita "dawa ya miguu" au "dawa ya usingizi". Jina lake ni amitriptilini. Ni dawa ya bei nafuu, inajulikana sana katika hospitali na maduka ya dawa hapa nchini, na kwa miaka mingi imewasaidia watu wengi. Ilianza kutumika kutibu sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, lakini siku hizi wengi huandikiwa kwa sababu nyingine kabisa: miguu inayowaka moto kwa ajili ya kisukari, maumivu ya mgongo, kuumwa na kichwa mara kwa mara, au kukosa usingizi.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mzee akiulizwa na daktari mwingine kama anatumia dawa yoyote ya huzuni, atajibu la, na hatakuwa amedanganya. Hakuna aliyemwambia. Wala hakuna aliyemwambia kwamba dawa hiyo, pamoja na nyingine za ukoo wake, hugusa moyo na mishipa ya damu, na kwamba mtu wa miaka 70 hapaswi kuimeza kama mtu wa miaka 30.

Kabla hatujaenda mbali, tahadhari moja. Msomaji anayetumia dawa ya aina hii, au aliye na mzazi anayeitumia, asiitupe leo jioni baada ya kusoma ukurasa huu. Kuacha ghafla kuna madhara yake, nayo tutayafikia.

Huzuni yenyewe huumiza moyo

Wengi wetu hudhani sonona ni ugonjwa wa vijana waliokosa kazi, au wa watu wa Ulaya. Mzee anapoacha kula, anapoamka alfajiri na kukaa kimya hadi jua linapotua, husemwa kwamba amechoka na dunia. Wazee wenyewe hawasemi "nina huzuni". Husema kifua kimebana, tumbo limejaa, mwili hauna nguvu. Hupimwa malaria, hupimwa homa ya matumbo, hupimwa kisukari, na kila mara hurudishwa nyumbani na dawa za kutuliza maumivu.

Lakini huzuni ya namna hii haikai kichwani peke yake. Mwaka wa 1993, watafiti wa Montreal nchini Canada wakiongozwa na Nancy Frasure-Smith walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wagonjwa 222 waliokuwa wamenusurika mshtuko wa moyo. Wale waliokuwa na sonona walipolazwa walikabiliwa na hatari ya kufa mara kadhaa zaidi ya wenzao katika miezi sita iliyofuata, hata baada ya kuzingatia jinsi moyo wenyewe ulivyokuwa umeharibika. Mwaka wa 2014 jopo la Chama cha Moyo cha Marekani lilipendekeza kwamba sonona itambuliwe rasmi kuwa miongoni mwa mambo yanayomweka hatarini mgonjwa aliyepatwa na mshtuko wa moyo.

Sababu zinazotajwa ni nyingi. Chembe za damu zinazosaidia kugandisha damu hunata upesi zaidi, na homoni za wasiwasi huufanya moyo usipate kupumzika. Tena kuna sababu isiyohitaji maabara: mtu aliyekata tamaa hamezi dawa zake za presha, hatembei, hali vizuri. Kwa maoni yangu hii ya mwisho ni nzito kuliko inavyosemwa kliniki.

Kwa hivyo kumwacha mzee na huzuni yake si njia ya kuulinda moyo wake. Swali ni tiba ipi, kwa kipimo gani, na pamoja na dawa zipi nyingine.

Ukoo wa zamani

Dawa ya kwanza ya ukoo huu, imipramini, ilitangazwa mwaka wa 1957 na daktari Roland Kuhn wa hospitali ya Münsterlingen, Uswisi. Amitriptilini ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wataalamu huuita ukoo wa traisikliki, kwa sababu umbo la kemikali hizi lina pete tatu zilizoungana. Zilikuwa ukombozi mkubwa, maana kabla yake wagonjwa wa huzuni nzito hawakuwa na dawa ya kumeza ya maana.

Hata hivyo haikupita muda kabla ya madaktari kuona kwamba dawa hizi hufanya mambo mengine mwilini yasiyohusiana na huzuni.

La kwanza ni kushuka kwa presha mtu anaposimama. Tunapoinuka kutoka kitandani, damu hutaka kuteremka miguuni, na mishipa hujikaza upesi kuirudisha juu ili ubongo usikose. Dawa za traisikliki hulegeza mkazo huo. Kijana ataona kisunzi kidogo na kushika ukuta. Mzee ambaye mishipa yake imeanza kukakamaa, na ambaye pengine tayari anameza tembe mbili za presha, ataanguka. Kwake yeye kuvunjika nyonga ni jambo la kufa na kupona: kulazwa, upasuaji, miezi ya kulala chali, na wengine hawarudi kutembea kama zamani.

La pili ni kwamba hukausha mwili. Mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, na mwanamume mwenye tezi ya kibofu iliyovimba hushindwa kukojoa kabisa. Moyo nao huenda mbio. Wengine huchanganyikiwa usiku na kuwaita watu waliokwisha kufa.

La tatu ndilo la hatari zaidi, na halionekani kwa macho. Moyo hupiga kwa umeme. Cheche huanzia juu, hupita katika njia maalumu, na kufika chini misuli ikikaza kwa pamoja. Dawa za traisikliki hupunguza mwendo wa umeme huo. Kwa moyo mzima hilo ni jambo dogo. Kwa moyo ambao njia zake tayari zina hitilafu, au wenye makovu ya mshtuko wa zamani, umeme waweza kukwama njiani au kuanza kuzunguka ovyo.

Jambo hili lilichukuliwa kwa uzito zaidi baada ya mwaka wa 1989. Mwaka huo uchunguzi mkubwa nchini Marekani ulionyesha kwamba dawa mbili za kutuliza mapigo ya moyo, enkainidi na flekainidi, zilikuwa zikiongeza vifo kati ya watu waliowahi kupatwa na mshtuko wa moyo, wakati zilitarajiwa kuvipunguza. Madaktari wa akili walistuka, kwa sababu traisikliki huubana umeme wa moyo kwa njia inayofanana.

Ushahidi ulifuata mwaka wa 1998. Wagonjwa 81 wenye sonona na ugonjwa wa mishipa ya moyo waligawanywa makundi mawili: 40 wakapewa notriptilini, ambayo ni ya ukoo wa zamani, na 41 wakapewa paroksetini, ambayo ni ya ukoo mpya. Katika kundi la kwanza watu saba walipata matatizo ya moyo. Katika kundi la pili alikuwa mmoja tu. Kundi ni dogo, lakini tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Isitoshe, orodha ijulikanayo kwa jina la Beers, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1991 nchini Marekani na ambayo husahihishwa kila baada ya miaka michache, huitaja amitriptilini miongoni mwa dawa ambazo watu wa miaka 65 na zaidi wanapaswa kuepushwa nazo inapowezekana. Hapa kwetu bado ni dawa ya kila siku, na sababu inaeleweka: ni rahisi, na ile nyingine haipatikani kila mahali.

Ukoo mpya nao una mambo yake

Fluoksetini iliruhusiwa Marekani mwishoni mwa mwaka wa 1987, na jamaa zake wakafuata: sertralini, paroksetini, sitalopramu. Hizi hazipunguzi presha kwa kiwango cha zile za zamani wala hazibani umeme wa moyo kwa namna ile. Mwaka wa 2002 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliowahusu wagonjwa 369 wenye sonona waliokuwa wametoka tu kupata mshtuko wa moyo au maumivu makali ya kifua. Nusu walipewa sertralini na nusu tembe bandia kwa muda wa wiki 24. Sertralini haikuonekana kuudhuru moyo. Tangu hapo imekuwa chaguo la kwanza la madaktari wengi kwa wagonjwa wa moyo. Ikumbukwe lakini kwamba wastani wa umri wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 57. Mtu wa miaka 57 si mzee wa miaka 82 mwenye figo zilizochoka.

Kisha ikaja habari ya sitalopramu. Kila pigo la moyo linapokwisha, misuli yake huhitaji muda mfupi wa kujikusanyia umeme upya, mfano wa simu inayochajiwa. Muda huo ukirefuka kupita kiasi, pigo jingine laweza kuangukia katikati ya kuchaji, na moyo ukaanza kutetemeka badala ya kupiga. Mtu huzimia, na asipopata msaada, hufa. Vipimo vilionyesha kwamba sitalopramu hurefusha muda huo kadiri kipimo kinavyopanda: takriban milisekunde 8.5 kwa miligramu 20 kwa siku, na 18.5 kwa miligramu 60. Kwa mtu mwenye afya nyongeza hiyo si kitu. Lakini kwa mzee ambaye muda wake tayari umerefuka kwa ugonjwa au kwa dawa nyingine, yaweza kuwa tone linalojaza mtungi.

Mwezi Agosti 2011, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba mtu yeyote asipewe zaidi ya miligramu 40 kwa siku, na Machi 2012 ikaongeza kwamba waliopita umri wa miaka 60 wasizidishe miligramu 20. Uingereza nayo iliweka kikomo cha miligramu 20 kwa waliopita miaka 65, na 10 kwa esitalopramu, ambayo ni ndugu yake wa karibu.

Yapo pia madhara ambayo huja kwa mlango wa nyuma. Dawa za ukoo mpya hupunguza chumvi ya sodiamu katika damu ya wazee, hasa katika wiki chache za kwanza, na hasa wakitumia tembe za kukojoza ambazo ndizo dawa za presha za kawaida hapa kwetu. Mzee huanza kusinzia mchana, kusahau majina, kuyumba. Familia husema huzuni imezidi, na pengine kipimo cha dawa huongezwa, jambo ambalo huzidisha balaa. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2011, uliohusu wagonjwa 60,746 wa miaka 65 na zaidi wenye sonona, uliwashangaza wengi: walioanguka na waliopungukiwa na sodiamu walikuwa wengi zaidi kati ya watumiaji wa dawa za ukoo mpya kuliko wa zamani. Ni kweli wale wa zamani mara nyingi walipewa vipimo vidogo. Hata hivyo matokeo hayo yanatosha kumzuia mtu kutangaza kwamba dawa mpya ni salama na basi.

Venlafaksini, ambayo baadhi ya madaktari wa kibinafsi huiandika, hupandisha presha, na anayeitumia apimwe kila mara.

Mfuko wenye dawa nyingi

Mkongwe wa mjini ana kliniki ya presha, kliniki ya kisukari, daktari wa magoti, na duka la dawa la mtaani ambalo hununua la kwake bila kuandikiwa. Kila mmoja humpa chake na hakuna anayeona mfuko mzima.

Chukua mfano wa malaria. Tangu mwaka wa 2006 zahanati zetu zimekuwa zikitumia artemetha na lumefantrini kama dawa ya kwanza. Lumefantrini hupunguza kasi ya ini kuivunjavunja amitriptilini, hivyo kiasi chake katika damu hupanda, na karatasi iliyomo ndani ya paketi huonya dhidi ya kuzichanganya. Ni wangapi kati yetu huisoma karatasi hiyo? Sisemi mzee mwenye malaria akatae dawa, kwani malaria itamuua upesi zaidi. Nasema amwambie anayemtibu kwamba humeza "dawa ya miguu", na aitaje kwa jina. Wala asijichagulie nyingine mwenyewe, maana kwinini na nyingine za malaria pia hurefusha ule muda wa kuchaji. Ndivyo ilivyo kwa erithromaisini inayotolewa kwa kikohozi, na flukonazoli ya ukungu.

Fluoksetini ikikutana na amitriptilini, iliyoandikwa na daktari mwingine, huipandisha vivyo hivyo. Ikikutana na metoprololi ya moyo, mapigo yaweza kushuka mno mgonjwa akahisi amezimwa.

Kuna pia damu. Dawa za ukoo mpya hupunguza uwezo wa damu kuganda. Mzee anayemeza aspirini ya dozi ndogo, warfarini, au dawa kali za maumivu ya viungo, anapaswa kuangalia choo chake. Kikiwa cheusi kama lami, asisubiri kesho.

La kuuliza kliniki

Basi familia ifanye nini? Kwanza mzee asiende kliniki na kadi peke yake. Abebe kila tembe iliyomo nyumbani, hata za duka, aziweke mezani mbele ya daktari. Wapo wanaoona haya kufanya hivyo. Waiondoe haya.

Pili, presha ipimwe mara mbili: akiwa amelala au ameketi, kisha akiwa amesimama, baada ya dakika moja na baada ya tatu. Tarakimu ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, huyo ana hatari ya kuanguka. Kipimo hiki hakihitaji mashine mpya, kinahitaji dakika tatu tu, na bado ni nadra kukiona kikifanywa katika kliniki iliyojaa watu.

Tatu ni kipimo cha umeme wa moyo, ECG. Nyaya hubandikwa kifuani, mikononi na miguuni, mashine huchora mistari kwenye karatasi, hakuna sindano wala maumivu. Mzee mwenye historia ya moyo, anayezimia, au aliye na ndugu waliokufa ghafla wakiwa vijana, anapaswa kufanyiwa kabla ya kuanza dawa hizi na tena baada ya kipimo kuongezwa. Damu nayo ipimwe sodiamu na potasiamu kabla, na tena baada ya wiki mbili hadi nne.

Tena daktari aulizwe waziwazi: je, lazima iwe dawa? Huzuni isiyo kali yaweza kutibiwa kwa mazungumzo na mshauri, na mazungumzo hayagusi mapigo ya moyo. Nchini Zimbabwe akina nyanya waliopewa mafunzo mafupi wamekuwa wakiwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati tangu mwaka wa 2006, na uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba hali ya waliozungumza nao ilikuwa nafuu kuliko ya wengine. Lakini mzee aliyeacha kula, au anayesema afadhali afe, hafai kuambiwa angoje mazungumzo. Huyo anahitaji dawa, na anahitaji pia mtu wa kukaa naye.

Dawa ikianzishwa, ianze kwa kipimo kidogo na ipande polepole. Nafuu huchukua wiki mbili hadi sita. Wengi huacha wiki ya pili wakisema haifanyi kazi, au huongeza wenyewe, na yote mawili ni makosa.

Na kuacha? Anayetaka kuacha apunguzwe na daktari kwa wiki kadhaa. Akikatiza ghafla hupata kisunzi, kichefuchefu, jasho, usiku bila usingizi, na wengine huhisi kama wanapigwa na umeme kichwani. Huzuni nayo hurudi, safari hii ikiwa na nguvu zaidi. Kuna hali ambazo hazingoji miadi: kuzimia, mapigo kwenda ovyo, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa kwa ghafla. Hizo ni za kukimbizwa hospitalini, mfuko wa dawa ukiwa mkononi.

Jambo la mwisho linahusu mahali tembe hizi zinapowekwa. Mgonjwa aliyekata tamaa asiachiwe dawa za mwezi mzima chumbani mwake. Mtu mmoja wa nyumbani azitunze na kumpa za siku. Amitriptilini ikimezwa kwa wingi huvuruga moyo na ubongo kwa muda mfupi sana. Mjukuu wa miaka miwili hahitaji nyingi, tembe chache alizozidhania peremende zinatosha kumuua. Akikutwa na paketi iliyofunguliwa, apelekwe hospitalini papo hapo pamoja na paketi yenyewe, hata kama bado anacheza.